Tusichome kumbukumbu ya mvua pamoja na mabanzi

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala wa gazeti lako kuhusu mvua zinazochelewa, mchangiaji mmoja alimalizia kwa kusema kwamba mvua za huku kwetu kabla ya vipimo vya enzi za Wajerumani hazijulikani na hazitajulikana. Mimi ni seremala hapa Tabora, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Kauli ile imenikosesha raha, maana jibu lake linapita mikononi mwangu karibu kila siku, kisha naliona likiishia jikoni.

Nazungumzia mninga. Mwaka jana nilinunua gogo fupi kwa ajili ya miguu ya meza. Kabla ya kulipasua, nilipiga randa upande wa kichwa, nikasugua kwa msasa mkavu, nikafuata na ule laini, halafu nikapitisha kitambaa chenye maji. Pete zikajitokeza moja baada ya nyingine, nyekundu na kahawia. Kila moja huanza na mstari wa vitundu vikubwa unavyoviona kwa macho matupu. Kadiri unavyoelekea nje vitundu hupungua ukubwa, hadi mstari mwembamba wenye rangi hafifu unaoifunga pete. Vitundu vile ni mirija ya maji ambayo mti huitengeneza mvua zinapoanza, kwetu kama mwezi wa kumi na moja. Kiangazi mninga hupukutisha majani na kuacha kunenepa. Msimu mmoja wa mvua, pete moja. Mvua ikiwa nzuri pete hupanuka, ikiwa haba hubaki kama uzi.

Tulihesabu na kijana wangu wa kazi, yeye akichomeka pini kila ilipotimia pete ya kumi. Tulifika 112 kabla ya ufa wa kwenye kiini kutuzuia. Katikati ya safari ile kulikuwa na pete saba zimebanana, hata ukucha haukuweza kuzitenganisha. Kijana akaniuliza: huu ulikuwa ukame wa mwaka gani, fundi? Sikuwa na la kumjibu. Gome lilishachongwa pamoja na pete za nje, na aliyeniuzia hakujua mti ulikatwa lini wala katika msitu upi. Tulikuwa na daftari la mvua la zaidi ya miaka mia, ila ukurasa wenye tarehe umechanwa.

Wenzetu wa Zimbabwe wanaujua mti huu huu, wao huuita mukwa. Mwaka 2006 watafiti walichapisha historia ya mvua ya nchi ile waliyoisoma kwenye pete zake, inayorudi nyuma miaka 200. Walianza kwa kulinganisha pete na mvua iliyopimwa kati ya 1901 na 1948, wakakuta pete zinaeleza asilimia 46 ya kupanda na kushuka kwa mvua ya miezi ya Novemba hadi Februari. Baada ya hapo wakasoma miaka isiyo na kipimo. Ukame wa 1882 hadi 1896 ulilingana na ule mkali wa 1989 hadi 1995. Kuanzia 1859 hadi 1868 kuna dalili za ukame mbaya zaidi, na maandishi ya wakati huo nayo yanautaja, ingawa ukubwa wake halisi haujathibitika. Kisha miaka sita ya 1897 hadi 1902 ilikuwa na mvua nyingi kuliko kipindi chochote cha mfululizo kilichowahi kupimwa. Pete hizo zilikwenda sambamba hata na mavuno ya mahindi ya taifa. Mkulima anayeambiwa kila mwaka kwamba hali hii haijawahi kutokea ana haki ya kuoneshwa hesabu ya namna hiyo.

Najua wapo watakaosema miti ya nchi za joto haina pete za kuaminika. Kwa mahali penye mvua mwaka mzima wana hoja, na hata pwani, penye vuli na masika, mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka. Lakini Tabora, Katavi na Rukwa tuna msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Mwaka 2001 Valerie Trouet, mtafiti wa Ubelgiji, na wenzake walichapisha uchunguzi wa pete za miti ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, wakitafuta humo alama za El Niño. Ni kweli pia kwamba mti mmoja hudanganya: huruka pete mwaka mbaya, au huweka pete ya uongo mvua ikikatika katikati. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha miti mingi ya eneo moja, pete kwa pete, hadi mpangilio wa nyembamba na pana ukubaliane.

Miti mingi ya eneo moja ndiyo tunayoimaliza. Mninga mnene umekuwa adimu. Magogo yanayoletwa karakana siku hizi ni membamba kuliko yale niliyojifunzia kazi, na gogo jembamba lina miaka michache ya kusimulia. Kwenye kiwanda cha mbao, kinachotangulia kuondolewa ni mabanzi, yaani upande wa gome wenye pete za karibuni, nayo huuzwa kuni siku hiyo hiyo.

Ombi langu kwa Wakala wa Huduma za Misitu ni dogo. Gogo halali hugongwa nyundo ya alama kabla ya kuondoka msituni. Hapo hapo, kwa magogo machache ya kila msitu, kikatwe kisahani cha unene wa vidole vitatu, gome likiwa juu yake, kiandikwe mwaka wa kukatwa na jina la msitu, kipelekwe Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) au Taasisi ya Utafiti wa Misitu (TAFORI) pale Morogoro. Maabara ya kusoma pete za miti ipo hata Nairobi, kwenye ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto na miti. Mwenye gogo hapotezi ubao wowote wa maana, kwa kuwa kichwa cha gogo hukatwa na kutupwa kwa sababu ya nyufa.

Mimi nimeshaanza. Karakana kwangu kuna visahani vinne vya mninga, vimekauka vizuri kivulini, viwili vina gome lake lote, na nyuma ya kila kimoja nimeandika kwa kalamu ya seremala kijiji na mwezi mti ulipokatwa. Mtafiti anayevihitaji aje avichukue, sitaki malipo.

Fundi seremala,
Tabora