Risala ya Wafumaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, Njombe, 17 Novemba

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi, ndugu waganga na wauguzi wa wodi ya watoto wachanga, akina mama mnaolea wodini, wafumaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu na kupanda hadi huku kwenye baridi. Idadi ya wanachama, katiba na taarifa ya fedha vimo ndani ya bahasha iliyo mezani pako. Kwa ridhaa yako hatutavisoma. Dakika tulizopewa tungependa kuzitumia kueleza kazi yenyewe, kwa kuwa maombi yetu yote yamezaliwa humo, na asiyejua kofia ya njiti inavyofumwa anaweza kuyaona maombi ya ajabu.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu hufuma kwa kupenda tu. Ni kazi ya jioni: mizula ya kwenda nayo shambani Juni hadi Agosti, soksi, sweta za watoto wa shule. Sweta ya shule ina siri moja ambayo wauzaji wa dukani hawaijali. Ufumaji hufumuka kwa urahisi kuanzia pale ulipomalizikia, si pale ulipoanzia. Kwa hiyo mkono ukifumwa kuanzia begani kushuka kifundoni, mwakani unafumua pindo, unaokota vitanzi na kuongeza urefu. Ukifumwa kuanzia kifundoni kupanda, hakuna la kufanya ila kununua nyingine, na mtoto hurefuka mikono kabla kifua hakijapanuka. Kwenye kiwiko tunafuma nyuzi mbili kwa pamoja, maana hapo ndipo dawati linapokula sweta.

Nyuzi mpya ni ghali, hivyo sehemu kubwa ya uzi wetu inatoka kwenye sweta za mtumba. Kabla ya kulipa, geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozuia kingo zisifumuke, irudishe kwenye fungu: kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kila mstari umekatika, na utakachovuna ni vipande vyenye urefu wa upana wa kifua. Ukiona kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa uzi mmoja wa mnyororo, hiyo ni mali. Fungua mshono, anzia shingoni, vuta huku ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukajisokota, ufue, kisha uning'inize ukiwa umelowa pamoja na kitu chepesi cha kuuvuta chini. Mikunjo ikibaki, vitanzi havitalingana hata kwa fundi mkongwe.

Kisha tunauchoma uzi ili tujue ni wa aina gani. Kipande kifupi kinatosha. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba hunuka karatasi. Jaribio hili ni la lazima, kwa sababu sufu nzuri kuliko zote ndiyo isiyofaa wodini. Maji ya moto na kusuguliwa huifanya isinyae na kugandamana hadi kofia ya mtoto imtoshe mwanasesere, na dawa ya klorini huila kabisa. Sufu basi tunaibakiza kwa mizula ya watu wazima. Ya wodini ni akriliki laini au pamba.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye shughuli ya leo. Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto jingi hupotelea kichwani. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya nyuzi joto 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Njia ya kangaruu, iliyoanza Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, humweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku.

Hapo ndipo wahisani wengi wanapokosea, tena kwa moyo mweupe kabisa. Wanaleta sweta nzito, glovu na suruali za kufuma. Mtoto wa kangaruu anavaa nepi, kofia na soksi tu. Sweta ikiingia kati, inatenganisha ngozi na ngozi, na chanzo cha joto ni kifua cha mama, si uzi. Chumba kikiwa chini ya nyuzi joto 22, jambo la kawaida hapa kwetu, huongezwa kizibao cha pamba kisicho na mikono, kilicho wazi mbele yote. Hicho tunakifuma, na wala hatukiwekei vifungo.

Kofia inaonekana rahisi hadi uipime. Mtoto wa kilo moja na nusu ana mzunguko wa kichwa wa takriban sentimita 28. Kofia iwe pungufu kidogo, 25 hadi 26, ili ishike bila kubana. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, mkono wa kawaida hutoa vitanzi 22 katika sentimita 10. Tunaanza na vitanzi 58, tukiwa tumeshika sindano mbili pamoja wakati wa kuanzia ili ukingo usikaze. Pindo ni vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kwa sentimita 3. Endelea kufuma bapa, yaani mstari mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, hadi sentimita 9. Kisha punguza: kitanzi kimoja cha ukingo, halafu mara nane fuma vitano na unganisha viwili kuwa kimoja, malizia na kimoja cha ukingo. Rudi mstari mtupu wa nyuma. Mstari wa kupunguza unaofuata ni vinne kabla ya kuunganisha, kisha vitatu, viwili, kimoja, mwisho unaunganisha tu. Vinabaki vitanzi 10. Pitisha uzi ndani yake, vuta, shona ubavu, vile viwili vya ukingo vikiishia ndani ya mshono.

Mwenye mkono mlegevu, anayetoa vitanzi 20 badala ya 22, akifuata hesabu hiyo hiyo atapata kofia ya sentimita 28. Kofia hiyo itateleza hadi puani. Mwenye mkono mgumu wa vitanzi 25 atapata sentimita 22 na kidogo, na itaacha alama kwenye paji la uso. Ndiyo maana hatupokei kofia ambayo mfumaji wake hakupima kipande cha majaribio kwanza. Wengine wametuona wagumu kwa hilo. Na tuwe wagumu.

Hatuweki utepe, kishada wala shanga. Hatufumi matundu ya urembo, maana vidole vya njiti hupenya na kunasa. Soksi ni hatari zaidi: ncha ya uzi iliyoachwa ndani inaweza kuzunguka kidole na kuzuia damu, na mtoto hawezi kusema. Kila soksi hugeuzwa ndani nje na kukaguliwa na mtu ambaye hakuifuma.

Ukaguzi huo, Ndugu Mgeni Rasmi, ndio uliojenga urafiki wetu kuliko chai. Mwalimu mstaafu anafumuliwa kazi yake na binti wa sokoni, na kesho inakuwa zamu ya binti. Kwenye mistari bapa habari zote za mji zinapita. Mtu akifika kwenye kupunguza, tunamnyamazia. Wenye macho yaliyochoka hupewa nyuzi za rangi nyepesi, kwa kuwa uzi mweusi usiku hauonyeshi kitanzi kilichodondoka. Kwa mablanketi, ambako mikono migumu na milegevu lazima ikutane, tunafuma vipande kwa mshazari: anza na kitanzi kimoja, ongeza kimoja kila mstari hadi upande ufike sentimita 20, kisha punguza kimoja kila mstari. Kila mkono hutoa mraba wenye kipimo kile kile, idadi ya vitanzi iwe yoyote. Vipande 16 ni blanketi la sentimita 80 kwa 80, la kumfunika mama na mtoto kwa juu.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kwanza, wodi itutumie kila wiki uzito wa watoto waliopo, bila majina. Tusipojua, tunafuma kofia za kilo tatu wakati waliolazwa ni wa kilo moja. Pili, tupatiwe kabati lenye mlango wodini, kwani kofia zilizofuliwa kwa sabuni isiyo na manukato zikikaa kwenye boksi wazi zinachafuka kabla hazijavaliwa. Tatu, tunaomba uzi wa pamba kwa ajili ya vizibao. Pamba haipatikani kirahisi kwenye mtumba na huo ndio upungufu wetu mkubwa. Nne, kofia iende nyumbani na mtoto. Isirudishwe ifuliwe kwa klorini na kuvikwa mwingine, na mama asidaiwe hata shilingi. Tano, na hili ni dogo, wageni wasipige picha za watoto wakiwa na kofia zetu. Anayetaka picha, kofia zipo mezani.

Sampuli za ukubwa wa aina nne ziko mbele yako, pamoja na sweta moja ya ovaloki iliyotushinda, ili ujionee tofauti kwa mkono wako.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.