Kwa nini Supa walichoma karatasi

Swahiba Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na jamaa wote. Ama baada ya salamu, nimelisoma swali la wanafunzi wako. Wameuliza kwa nini wakulima wa Supa, wilaya ya Pune huko India, waliwavamia wakopeshaji tarehe 12 Mei 1875 na kuchoma madaftari yao, ilhali aliyekuwa akiwatoza kodi ya ardhi ni serikali ya Mwingereza. Usiliache lipite. Ukilijibu vizuri, utakuwa umefundisha mada yote.

Mimi naliona hivi: kodi ile haikuwaumiza kwa ukubwa wake peke yake. Ilidaiwa kwa rupia taslimu, kwa tarehe zilizopangwa, mvua inyeshe isinyeshe. Asiyekuwa na rupia siku ile alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni wa mkopeshaji.

Kwanza watenganishie Bengal, iliyo mashariki mwa India, na Deccan, uwanda wa juu ambako ndiko iliko Pune, maana vitabu huwachanganya. Bengal, mwaka 1793, gavana mkuu Mwingereza Cornwallis alipatana na wenye milki walioitwa zamindari. Kiwango kiliwekwa mara moja, kisibadilike milele: katika kila mafungu 11 ya kodi waliyokusanya kwa wakulima, 10 yalikwenda kwa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, iliyotawala nchi wakati huo. Jua likizama siku ya mwisho fedha hazijafika, milki inapigwa mnada. Deccan ni habari nyingine. Waingereza waliiteka kutoka kwa Peshwa, mtawala wa Wamaratha, mwaka 1818, na huko wakamfuata mkulima mmoja mmoja. Mfumo huo ndio raiyatwari, kutokana na neno la Kiarabu lilelile lililotupa sisi “raia”.

Jaribio la mwanzo lilikuwa la Pringle, ofisa wa Kiingereza, katika miaka ya 1820. Yeye alitaka kujua shamba linazalisha nini, atoe gharama zote, kisha serikali ichukue asilimia 55 ya kinachobaki. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini nani angemwambia kwa uhakika mtama wa shamba fulani ulikuwa kiasi gani, na maksai walikula nini? Takwimu zilipitia mikononi mwa makarani ambao wengine walihongwa na wengine walikisia, makosa yakarundikana, na wakulima wengi wakayahama mashamba kuliko kulipa.

Mwaka 1835 maofisa wengine, Goldsmid na Wingate, wakaanza upya katika eneo la Indapur, wilaya hiyohiyo ya Pune, na hapa nakuomba uende polepole na wanafunzi, maana kazi yenyewe ilifanywa kwa ustadi mkubwa. Waliacha kukisia mavuno wakaamua kulinganisha udongo kwa udongo. Kila shamba lilipewa namba na mawe ya mpaka, na ukubwa wake ulikadiriwa kwa eneo ambalo jozi moja ya maksai inaweza kulilima. Mpimaji aliligawa shamba katika vipande, akachimba kila kipande na kupima kina cha udongo kwa dhiraa, kipimo kilekile walichokijua wazee wetu wa pwani. Thamani iliandikwa kwa ana, kwa kuwa rupia moja ni ana 16. Udongo mweusi laini wenye kina cha dhiraa moja na robo tatu ulipata ana 16 kamili. Udongo huohuo ukiwa na kina cha dhiraa moja, ana 10. Kokoto za kijivu zilizolala juu ya mwamba zilishuka mpaka ana 2. Kisha zikaangaliwa kasoro: vinundu vya chokaa, mchanga, mteremko, maji kutuama, mafuriko kukokoa udongo. Kila kasoro ilikishusha kipande daraja moja. Vipande vikajumlishwa, ukatoka wastani wa shamba.

Waandikie ubaoni mfano huu. Kijiji kimepangiwa kiwango cha juu cha rupia 1 kwa ekari. Shamba lina ekari 12, udongo mweusi, kina dhiraa moja: ana 10. Lina vinundu vya chokaa, linashuka hadi ana 8, yaani nusu. Kodi yake ni rupia 6 kwa mwaka, na itabaki hivyo kwa miaka 30. (Kodi ya nyumba waliyoileta Wajerumani huku kwetu mwaka 1898 haikujishughulisha na udongo hata kidogo. Aliyelima bondeni na aliyelima mwambani walihesabiwa vibanda tu.)

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Ana zilipimwa ardhini, lakini kile kiwango cha juu cha kijiji hakikuchimbwa popote. Kilipangwa mezani, kwa kutazama umbali wa soko, bei za mazao na uwezo wa watu kulipa miaka iliyotangulia. Ile miaka 30 ya Indapur ilikwisha wakati mbaya kuliko wote. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza mwaka 1861, viwanda vya Uingereza vikakosa pamba ya huko na vikaigeukia India. Bei ikapanda, wakopeshaji wakamwaga fedha za mbele vijijini. Mwaka 1865 vita ikaisha, pamba ya Marekani ikarudi sokoni, bei ikaanguka. Na hapohapo ndipo makadirio mapya ya kodi yakaanza kutoka, yakiwa na sura ya miaka ya neema: ongezeko la asilimia 50 hadi 100. Mkopeshaji, ambaye naye bei zimemtisha, akafunga mfuko na kudai alichotoa. Mkulima akabanwa pande zote mbili katika msimu mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zito kuliko yote, na vitabu hulipita kwa sentensi moja. Upimaji ulimpa mkulima haki ya kurithisha, kuuza na kuweka rehani shamba lake maadamu analipa kodi. Ilionekana ni zawadi. Lakini zamani mkopeshaji alitegemea mavuno tu, na mkulima akifilisika wote wawili walipoteza. Sasa shamba lenyewe likawa dhamana, na mahakama ikawa tayari kulikabidhi. Mwaka 1859 ikaja sheria iliyosema hati ya deni ina uhai wa miaka mitatu tu. Nia ilikuwa kumkinga mdaiwa asilimbikiziwe riba ya miaka mingi. Mkopeshaji akaigeuza: kila mwaka wa tatu alimtaka mkulima aweke alama ya kidole kwenye hati mpya, na ile riba yote ikaandikwa humo kama mkopo mpya.

Hesabu hii ni lazima waifanye wenyewe. Mkopo rupia 100, tuseme riba rupia 2 kwa mia kila mwezi, yaani 24 kwa mwaka. Miaka mitatu riba ni 72, hati mpya inaandikwa 172. Miaka mitatu mingine, 172 inazaa karibu 124, hati inasomeka 296 hivi. Ya tatu inafika karibu 509. Miaka tisa, na mkulima hajapokea hata pesa moja zaidi ya zile 100 za mwanzo. Desturi ya kale ya nchi ile iliitwa damdupat, na ilikataza riba kuzidi mkopo wenyewe. Kwa desturi hiyo deni lisingepita 200.

Ndiyo maana Supa, siku ya soko, watu hawakukimbilia ofisi ya kodi. Kodi ilikwisha lipwa, ililipwa kwa fedha ya kukopa, na kilichobaki duniani kama ushahidi ni karatasi ya mkopeshaji. Walidai hati na madaftari ya hesabu, wakayachoma. Maduka ya nafaka yaliporwa, na nyumba kadhaa za wakopeshaji zikatiwa moto. Kwa muda wa miezi miwili ghasia zikavifikia vijiji zaidi ya 30 vya Pune na Ahmednagar. Wengi waliovamiwa walikuwa Wamarwari na Wagujarati, wageni wa eneo lile, na hili nalo uliseme wazi: hasira ilikuwa na sura ya ukabila pia.

Tume ya serikali iliyochunguza ghasia hizo ilisema ongezeko la kodi silo lililosababisha ghasia, wa kulaumiwa ni wakopeshaji. Mimi sikubaliani nayo. Tume iliangalia mkono ulioshika hati, haikuuliza ile rupia iliyokopwa ilikwenda kulipa nini.

Mwaka 1879, baada ya njaa kubwa ya 1876 hadi 1878, ikatungwa sheria ya kuwapa nafuu wakulima wa Deccan katika wilaya nne: Pune, Ahmednagar, Satara na Sholapur. Hakimu akaruhusiwa kufukua historia ya deni tangu rupia ya kwanza, na mkulima hakuweza tena kufungwa kwa deni. Wakopeshaji wakatafuta njia ya pembeni: badala ya hati ya rehani wakataka hati ya mauzo, na ahadi ya kulirudisha shamba ikabaki ya mdomo. Kodi iliendelea kudaiwa kwa tarehe zake.

Ushauri wangu: wape hesabu ya hati kwanza, bila kuwatajia Supa. Wakifika kwenye 509, waulize wao wangechoma nini.

Nisalimie wote nyumbani. Ukimaliza kipindi, niandikie walivyojibu.

Wako,
Saida