Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kadi ya Uanachama na Cheti cha Ufundi

Ndugu wanachama, masonara, wachonga vito na wafanyabiashara wa madini mliofika kutoka Arusha mjini na Mirerani, karibuni na asanteni kwa kuja.

Mahesabu atayasoma mweka hazina, na habari za ofisi zimo katika taarifa ya katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililoishughulisha kamati yenu kuliko mengine yote mwaka huu: kadi yetu inamwambia nini mteja anayeiona ukutani?

Swali hilo tuliulizwa na mama mmoja aliyekuja ofisini na pete ya tanzanite. Alikuwa ameipeleka kupanuliwa kwa fundi mwenye kadi yetu, ikarudi na jiwe lenye ufa toka ukingo hadi ukingo. Tulipoichunguza tukaona fundi alilehemu jiwe likiwa bado ndani ya kucha za pete zinazolishika. Wapo wanaodhani tanzanite haina shida na moto kwa kuwa huchomwa ili ukahawia ugeuke buluu. Lakini tanurini joto hupanda polepole na kushuka polepole. Mwali wa gesi hulipiga jiwe upande mmoja kwa ghafla, nalo tanzanite, lenye ugumu wa kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ni jiwe linalopasuka kirahisi. Kwanza unatoa jiwe, ndipo unawasha gesi. Mama yule tulimpatanisha na fundi wake, akalipwa. Ila alichosema kabla ya kuondoka kilituuma: kwamba hakumchagua fundi, aliichagua kadi.

Ukweli ni kwamba kadi haikuwahi kumwahidi ufundi. Inaonyesha kwamba mwenye duka ana leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, kwamba anayenunua madini ana leseni ya Tume ya Madini, kwamba mizani yake imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kwamba amesaini kanuni zetu za maadili, ikiwamo ile ya kupima dhahabu ya mteja mbele ya macho yake na kumwandikia uzito na karati kabla haijaingia kwenye moto. Hayo ni mambo mazito na sitaki mtu ayadharau. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalopima mkono wa fundi.

Na mkanganyiko huu uko pande zote. Baadhi ya vijana wetu wenye stashahada ya GIA huandika kwenye vibao vyao kwamba ni "wanachama wa GIA". GIA ni taasisi ya mafunzo na maabara; inafundisha na kutoa ripoti za mawe, si chama cha wauza vito. Robert Shipley aliianzisha Marekani mwaka 1931, kisha mwaka 1934 akaanzisha American Gem Society kuwa chama cha wafanyabiashara, ambako wenye vyeo huthibitishwa upya kila mwaka. Mtu yuleyule aliona kwamba shule na chama ni vitu viwili, na biashara ya vito inavihitaji vyote.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo. Kadi itabaki kuwa ya uanachama tu, na mwaka wake wa mwisho utaandikwa kwa maandishi makubwa. Ufundi utathibitishwa kwa cheti cha pekee, chenye jina la mtu na si la duka, baada ya mtihani wa mezani.

Mtihani huo tumeujaribu. Fundi anapewa pete yenye jiwe aipanue. Kisha anawekewa bangili mbili zinazofanana, moja ya karati 22 na nyingine ya shaba iliyochovywa dhahabu, aeleze ipi ni ipi bila kuikata. Mashine ya eksirei peke yake haitoshi, maana inasoma juu juu, na dhahabu iliyochovywa nene huidanganya. Aliyefunzwa vizuri huipima bangili hewani, akaipima tena ndani ya maji, apate uzito wake kwa ujazo: dhahabu ya karati 22 ina takriban gramu 17 na nusu kwa kila sentimita ya ujazo, shaba haifiki 9. Mzee mmoja kati yetu aliitambua ya shaba kwa kuipima kiganjani tu, na mizani ikamuunga mkono.

Namtaja mzee huyo kwa sababu najua hofu iliyopo. Wengi wetu tumerithi usonara kwa baba na babu, hatuna cheti hata kimoja. Hakuna atakayeambiwa arudi darasani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mtihani wetu utafuata moyo huohuo. Nao waliosoma Kituo cha Jemolojia Tanzania hapa Arusha watasamehewa maswali ya nadharia, si kazi ya mezani. Vijana wanaojifunza kwa mafundi watalipa nusu ya ada.

La mwisho ni alama ya fundi. Masonara wa London walianza kupeleka kazi zao kukaguliwa katika jumba la chama chao mwaka 1478, na India tangu 2021 imeanza kulazimisha alama yenye namba ya pekee kwa mapambo ya dhahabu. Sisi hatuna uwezo wa kukagua kila pete. Tunachoweza ni kusajili alama ya kila fundi, aigonge pembeni ya namba ya usafi wa dhahabu, 916 au 750, ili kazi ijulikane imetoka meza gani. Pete ya gramu 10 yenye 916 ina gramu 9.16 za dhahabu safi. Yenye 750 ina 7.5. Anayegonga namba asiyostahili amemwibia mteja, na tunapendekeza afutwe uanachama bila onyo.

Mtapiga kura mchana huu, nami nawaomba mkubali. Kadi za zamani zirudishwe ofisini kabla ya mwisho wa Machi. Zipo pia zilizotolewa nakala na kubandikwa katika maduka ya watu wasio wanachama. Anayeyajua maduka hayo amwone katibu leo kabla hajaondoka.