Jumamosi ni zamu ya Bill Withers

Habari za jioni wapendwa,

Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni, nyumbani kwa mweka hazina. Ukumbi wetu una harusi.

Tutasikiliza nyimbo za Bill Withers, mwimbaji wa Marekani kutoka Slab Fork, West Virginia: miaka 9 jeshi la majini, kisha kiwandani akitengeneza vyoo vya ndege, hadi albamu ya kwanza ilipotoka 1971. Mwaka 1974 aliimba Kinshasa, na hapo nataka tukae sana.

1. Mchango sh. 3,000 za chai na vitafunio, mwisho Alhamisi.
2. Mwenye spika aje nayo.
3. Kila mtu achague wimbo wake mmoja. "Ain't No Sunshine" nimeshauwahi, msigombanie!

Tafadhali jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya kesho usiku.