Kimto cha pini na kibakuli chake

Mpendwa mdogo wangu,

Mama, shikamoo. Najua barua hii itasomwa kwa sauti, kwa hiyo nawaandikia wote wawili pamoja: ya kushona ni ya mdogo wangu, ya rangi ni yako Mama, na mtakutana kwenye gundi. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, baridi tu ndiyo haijatuacha.

Picha za kimto ulichoshona nimezitazama vizuri. Mshono umenyooka, vitambaa vimependana, lakini kimebonyea katikati na pini zote zimelala upande. Kosa haliko mkononi mwako, liko tumboni mwa kimto. Pamba ya poliesta, ile ya kujazia mito ya kulalia, imejaa hewa. Pini inapita bila kushikwa na chochote, na sindano isiyo na kichwa inazama nzima nzima. Zile sindano tatu unazosema zimepotea zimo humo humo. Usikiminye kuzitafuta, zitakuchoma. Pitisha sumaku juu yake polepole, kisha fumua upande wa chini.

Kinachofaa kujazia kina tabia yake. Mimi naipenda sufu ya kondoo iliyochambuliwa kuliko vyote. Nyuzi zake hushika pini sawasawa, na ikiwa bado ina mafuta yake ya asili, lanolini, husaidia kuzuia kutu. Kasoro yake inanywea mno: furushi la ukubwa wa mpira wa miguu likishindiliwa linaishia kujaa viganja viwili. Mabaki ya uzi wa sufu wa kufumia yanafaa pia, mradi uyakate vipande vya sentimita 2 au 3. Ukiyaacha marefu yanajisokota mafundo, na pini ikikuta fundo inarudi ilikotoka au inapinda.

Unga wa mbao umetumika kwa kazi hii tangu enzi na enzi, nao hufanya kimto kigumu chenye uzito wa kutulia mezani. Mwombe seremala unga wa mbao halisi, usiopakwa rangi wala dawa, wala usiwe wa zile mbao za kubandikwa kwa gundi. Funika pua na mdomo, uchekeche ili vibanzi vitoke, halafu uanike mpaka ukauke kabisa. Unga mbichi una hasara mbili: unyevu wake unatia sindano kutu, na ukiwa wa msonobari utomvu wake unapenya na kuacha madoa ya njano kwenye kitambaa. Maganda ya jozi yaliyosagwa ni mazuri zaidi ya unga wa mbao kwa uzito, ukiyapata. Nafaka na pumba usiguse, zinaita wadudu. Stiliwaya nayo watu huisifia kwamba inanoa sindano, lakini inashika kutu yenyewe na kuiambukiza kila kilichochomekwa.

Kama unataka kunoa, kuna unga wa emeri, ule mgumu wa kusagia vyuma. Kile kifuko kidogo cha umbo la stroberi kinachoning'inia kwenye vimto vya umbo la nyanya si pambo tu, kwa asili ndicho chenye emeri. Vijiko viwili vikubwa vinatosha, ndani ya kifuko cha kitambaa cha tabaka mbili. Chomeka sindano na kuichomoa mara chache, basi. Usiiache humo, maana unga huo huo unaonoa ncha unakwangua pia ile ngozi ya juu inayokinga sindano, na ikishakwanguka kutu inaanzia hapo.

Sasa kushona. Kimto kitakaa ndani ya kibakuli cha mbao, kwa hiyo pima kwanza mdomo wa kibakuli, uzidishe kwa 2.5, hicho ndicho kipenyo cha duara utakalokata. Mdomo ukiwa sentimita 7, kata duara la sentimita 17 na nusu, au 18 ukipenda. Kitambaa kiwe cha pamba kilichofumwa kwa kubana, au felti ya sufu. Mahameli inapendeza lakini inateleza ikishonwa, na kila ukiikunja manyoya yake yanalala. Kitani cha nyuzi nene na chochote unachoweza kuona mwanga kupitia kwake kiache, unga utavuja.

Kata na duara la pili la amerikani, dogo kwa sentimita 1, liwe mfuko wa ndani. Wengi wanaruka hatua hii. Bila mfuko wa ndani, kila pini inapochomolewa inatoka na chembe za unga, na baada ya muda meza ina vumbi na kimto kimelegea.

Chukua uzi imara, uufanye mara mbili, ufunge fundo kubwa. Piga bandi, ule mshono wa sindano kupita juu na chini, kuzunguka duara, milimita 6 kutoka ukingoni, kila hatua milimita 4 au 5. Urefu huo una sababu yake: hatua za sentimita nzima zinaleta mikunjo mikubwa michache inayopanda mpaka juu ya mdomo wa kibakuli na kuonekana, hatua fupi mno zinaleta mikunjo mingi inayojazana katikati, tundu likakataa kufunga. Vuta uzi nusu, duara liwe kama kikapu, uanze kujaza. Fanya hivyo kwa amerikani kwanza, kisha uufunge mfuko huo ndani ya kitambaa cha nje kwa njia ile ile.

Jaza kidogo kidogo, kama kijiko kimoja kila mara, ukishindilia kwa mpini wa mwiko mwembamba, ukianzia kuzunguka ukingo na kumalizia katikati. Kwa kimto cha ukubwa huu andaa angalau mililita 300 za unga wa mbao, maana ukishindiliwa unapungua sana. Ukidhani kimejaa, bado. Vuta uzi, ongeza kijiko, vuta tena. Jaribio ni la kidole gumba: bonyeza kwa nguvu, ukiinua kidole kusibaki shimo. Kisha chomeka pini katikati na pembeni. Isimame wima bila kuyumba, iingie bila kulazimishwa. Ikigoma mahali pamoja tu, hapo pana kibanzi au fundo. Ikigoma kila mahali, ndiyo umeshindilia kupita kiasi, jambo ambalo hutokea mara chache sana.

Kabla ya kufunga tundu, weka ndani kisahani cha plastiki ngumu, ukikata kutoka kwenye kifuniko cha kopo, kipenyo sentimita 4. Hicho ndicho kinachozuia ncha za pini zisitokeze chini. Na kimto kiwe na kimo cha sentimita 4 na nusu hivi, kwa sababu pini nyingi za kushonea ni za sentimita 3 na kidogo. Funga kwa kupitisha uzi huku na huku mara sita au saba. Hakuna haja ya urembo, chini hakuonekani.

Ukitaka vipande kama vya nyanya, chukua uzi wa kudarizi wenye nyuzi 6, urefu wa mita 1 na nusu, na sindano ndefu ya sentimita 10 au zaidi. Toboa kutoka katikati chini hadi katikati juu, zungusha uzi kwa nje urudi chini, toboa tena, vuta mpaka kitambaa kibonyee. Mara sita. Usigawe kwa kufuata mzunguko: piga wa kwanza na unaoukabili, ndipo ujaze katikati yao, la sivyo kipande cha mwisho kitakuwa chembamba kuliko wenzake.

Mama, zamu yako. Uliuliza kama unaweza kuchora maua juu ya kimto chenyewe. Unaweza, ila sikushauri. Pini ikipita kwenye kitambaa, nyuzi zinasogea kumpisha mgeni, akitoka zinarudi. Rangi ya akriliki, ile ya kuchanganywa na maji, ikikauka ni kama ngozi ya plastiki, ikitobolewa haifungi. Baada ya muda ua lote lina vitundu vyeupe. Rangi tuiweke pasipopita pini, yaani kwenye kibakuli.

Kibakuli kiwe cha mbao iliyokerezwa. Piga msasa namba 120, kisha 220, siku zote kwa kufuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi, mikwaruzo itaonekana hata chini ya rangi tatu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usubiri kikauke. Kama kuna jicho la mbao, yaani pale tawi lilipoota, lipake shelaki kwanza, ile vanishi ya kuziba utomvu, kwa sababu utomvu wake hupenya rangi na kuleta doa la njano miezi baadaye. Halafu praima, rangi ya kutangulia ya kuandaa mbao. Ikikauka, papasa kwa kiganja: utakuta kumekuwa na vinyweleo. Ni maji ya rangi yameamsha nyuzi za mbao. Pitisha msasa laini wa 400 mara moja tu, kwa mkono mwepesi. Usipake kabisa ndani ya kibakuli, na nitasema kwa nini.

Rangi ya msingi ipakwe mara mbili au tatu, nyepesi kama maziwa mazito. Kila mara subiri nusu saa. Penye unyevu subiri saa nzima. Ukiharakisha, brashi inaibeba ile ya chini na kuacha upara. Huku nilipo nyumba zina vipasha joto na hewa ni kavu, rangi inakauka hata kwenye sahani, ndiyo maana nawasihi mpime kwa kidole, msifuate dakika zangu: rangi ikiwa baridi ukiigusa, bado ina maji.

Mchoro uhamishe kwa karatasi iliyopakwa risasi ya penseli. Kaboni ya ofisini ina mafuta, haifutiki, na itatokeza kwenye rangi nyeupe. Au paka chaki nyuma ya karatasi nyembamba, ufuatishe mistari kwa kalamu isiyo na wino.

Mpigo wa brashi unaopaswa kuujua kuliko yote ni wa koma, wenye kichwa kinene na mkia mwembamba kama alama ya koma. Tumia brashi ya mviringo namba 4, ijaze rangi robo tatu ya manyoya, ilainike kama losheni. Kidole kidogo kiegemee kibakuli. Weka brashi, bonyeza, subiri kidogo sana manyoya yatanuke yafanye kichwa, kisha uivute ukiwa unainua, mpaka inabaki nywele moja. Mkono mzima ndio unaosogea, si vidole. Kichwa kikitoka kimepasuka, rangi ilikuwa chache. Mkia ukiwa mnene, umechelewa kuinua. Ukiona ukuta wa rangi pembeni, ulichovya mno. Petali tano za koma zikielekeana mikia ni ua; mbili mbili kwenye shina ni majani. Piga hamsini kwenye karatasi kwanza, na usirudie juu ya mpigo ulioharibika: futa kwa kitambaa chenye maji ungali mbichi. Kwa mpigo huo na mingine michache wachoraji wa rosemaling, ule uchoraji wa maua wa kienyeji kule Norwe, hujaza masanduku mazima maua na majani.

Mashina yanataka brashi nyembamba ndefu na rangi iliyotiwa maji iwe kama wino, brashi ikiwa imesimama wima. Nukta usizipige kwa brashi kabisa. Chovya kichwa cha pini, mdogo wangu atakuazima. Ukigusa mara kadhaa bila kuchovya tena, kila nukta inakuwa ndogo kuliko iliyotangulia, na hapo una mkufu unaopungua bila taabu. Ukitaka zilingane, chovya kila mara.

Kivuli cha majani: brashi bapa namba 8, iloweshe, igusishe kwenye kitambaa mpaka mng'ao wa maji uondoke, chovya pembe moja tu kwenye rangi, kisha ipapase huku na huku mahali pale pale kwenye sahani mpaka rangi ififie kuelekea upande wa pili. Rangi ikifika pembe ya pili, ioshe uanze upya, haina dawa. Na rangi isifike pale manyoya yanapoingia kwenye chuma. Ikikauka humo brashi inapanuka na haitarudi kuwa na ncha.

Subiri siku nzima, futa mistari ya mchoro, ndipo upake vanishi ya maji, tabaka mbili au tatu nyembamba. Ikoroge, usiitikise: mapovu unayoyatia kwenye kopo ndiyo utakayoyaona juu ya maua.

Gundi sasa. Gundi nyeupe ya mbao inashika mbao tupu kuliko vanishi, ndiyo sababu ndani hakupakwi. Ipake chini na ubavuni, ikomee nusu sentimita chini ya mdomo, kwa kuwa ikipanda kwenye kitambaa inaacha doa gumu lisilotoka. Sukuma kimto kwa kukizungusha kidogo, kibane kwa uzito wa kitabu kizito, usiku kucha. Lakini msikutane mapema! Akriliki inaonekana kavu kwa nusu saa, ila inaendelea kukomaa kwa wiki mbili au tatu, na mdomo wa kibakuli uliopakwa jana utanata na kitambaa. Mama akimaliza kupaka, kibakuli kikae rafuni wiki mbili. Mdogo wangu ana muda wa kutosha kufumua kile kimto cha poliesta.

Nitumieni picha ya jaribio la kidole gumba kabla hamjafunga tundu, si baada. Wasalimieni wote hapo nyumbani.

Ni mimi dada yako,
na mwanao, Mama.

Nyongeza: zile sindano tatu zikipatikana, zipitishe kwenye msasa laini ukiona zina madoa. Iliyopinda itupe ndani ya kopo lenye kifuniko, isitupwe kwenye takataka wazi.