Mhariri, stripa ndogo sio ile yenye mpini mfupi

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya vifaa vya fundi anayeanza elektroniki. Mlimwambia achukue stripa ndogo ya kumenyea waya kwa ajili ya sehemu finyu, mkaishia hapo, na picha mliyoweka ni ya lile koleo kubwa la otomatiki ambalo ukilibana linavuta lenyewe ganda la waya. Nikajisemea hapana, hapa vijana watapotea, ngoja niandike.

Tatizo liko kwenye hilo neno "ndogo". Mtu akisikia ndogo anaangalia mpini, anaona koleo fupi linaingia mfukoni anachukua, akifika kazini anakuta kichwa chenyewe kinene kama kidole gumba na hakipiti katikati ya transfoma na ukuta wa boksi. Udogo unaotakiwa ni wa kichwa, yaani mdomo uwe mwembamba ukiutazama kwa ubavu, halafu matundu ya kumenyea yawe karibu na ncha. Hiyo ya matundu ndio watu wengi hawaitazami kabisa. Kuna makoleo mengi yamewekewa pua ya kushikia mbele, nyuma yake kikatio, matundu ya kumenyea yako kule nyuma karibu na riveti, ile pini inayounganisha mikono miwili ya koleo, au hata kwenye mpini, mezani linafanya kazi vizuri tu lakini ndani ya redio hiyo pua inagonga bodi ya saketi kabla tundu halijaufikia waya. Kwa hiyo ukiwa unachagua, lishike koleo kwa ubavu uangalie kutoka ncha mpaka tundu unalolitumia zaidi ni umbali gani. Kwangu mimi ukizidi upana wa vidole viwili, hilo ni la mezani.

Mpini mfupi wenyewe wala haunisumbui, maana nyaya za elektroniki ni laini na hazihitaji nguvu ya kubana. Kinachosumbua ni mpini unaopanuka sana. Springi ikiwa kali unaingiza koleo limefungwa, ukiliachia ndani ya boksi linatanuka kwa kishindo, mpini unapiga ukuta, mdomo unaruka na kukwangua kitu ambacho hukukusudia. Chagua springi laini na mdomo unaofunguka kidogo tu. Lachi ya kulifunga nayo ni nzuri ila mara nyingi inalegea mapema, usiifanye sababu ya kununua.

Sasa namba, na hapa ndio wengi tunaharibu. Nyaya nyingi zinapimwa kwa AWG, kipimo cha Wamarekani ambacho namba ikipanda waya unapungua. 22 ina kipenyo cha karibu 0.64 mm, 24 ni 0.51, 30 ni 0.25 tu, kila ukipanda namba sita kipenyo kinakuwa nusu. Stripa ya elektroniki iwe na matundu ya 20 mpaka 30, ile ya nyaya za nyumba inayoanzia 10 na kuishia 18 au 20 haikusaidii kitu humu. Halafu mara nyingi utaona pembeni ya matundu kuna safu mbili za namba, watu wanadhani ni pambo. Kwa kawaida moja ni ya waya wa uzi mmoja mgumu, nyingine ni ya waya wa nyuzi nyingi, kwa sababu nyuzi zikisokotwa pamoja zinaacha nafasi katikati na waya unakuwa mnene zaidi hata kama shaba ni ileile. Ukisoma safu isiyo yako umekata nyuzi.

Na waya wa milimita una mtego wake, mbaya kuliko huo. Umeandikwa 0.5, tundu limeandikwa 0.5, unasema hawa wanaendana, kumbe 0.5 ya waya ni milimita za mraba na 0.5 ya tundu mara nyingi ni kipenyo. Waya wa milimita 0.5 za mraba una kipenyo kama 0.8 hivi, sasa ukiubana kwenye tundu la 0.5 unadhani itakuwaje. Mi nimeshaona mtu anatupa stripa nzima anasema meno mabovu, kumbe ni hilo tu. Ukiwa na wasiwasi chukua kipande cha waya usio na kazi, anza na tundu kubwa ushuke moja moja mpaka ganda likatike bila shaba kuguswa.

Kwanini nakazania shaba isiguswe? Niliwahi kutengeneza kiredio, waya wa betri ulikatikia karibu kabisa na bodi, umebaki kama sentimita moja na nusu. Sikuwa na stripa ya kuingia pale nikatumia wembe. Ulikuwa ule waya wa kawaida wa nyuzi 7 za 0.2 mm, wembe ukala nyuzi 3 na mimi nikasema si zimebaki 4, umeme utapita. Umeme ulipita kweli! Ila kila mtu akifungua kifuniko cha betri waya unapinda palepale penye jeraha, baada ya wiki kadhaa redio ikarudi imekufa, na safari hii waya umekatikia ndani ya solda yenyewe. Hata waya wa uzi mmoja ni hivyohivyo, ukiuchora kidogo tu kwa duara huo mchoro ndio utakuwa mahali pake pa kuvunjikia.

Hilo la otomatiki mlilolipigia picha nalipa haki yake, mezani ukiwa na nyaya 50 za kumenya hulikosi. Lakini lina taya za kushika na taya za kukata, linataka lipate waya wa kutosha wa kushikilia, linataka na nafasi ya kutanukia. Kwa kile kipande changu cha sentimita moja na nusu lingefanya nini? Wema wake ni mmoja, linaushika waya lenyewe kwa hiyo halivuti kule ulikosoldiwa. Stripa ya mkono inavuta, na ukivuta waya uliokwisha kusoldiwa kwenye bodi unaweza kung'oa ile shaba nyembamba ya bodi ikatoka na waya wake, hapo kazi ya dakika mbili inakuwa ya jioni nzima. Dawa yake ni kibano. Shika waya kwa kibano kati ya bodi na stripa, nguvu yote iishie kwenye kibano. Ndio maana nasema kichwa kiwe chembamba, maana kwenye hiyo nafasi hakiingii kitu kimoja, vinaingia viwili.

Ganda nalo halifanani. PVC, ile plastiki ya kawaida ya nyaya, inakatika vizuri, silikoni inavutika kama mpira na kuteleza, Teflon ni ngumu na inateleza pia, hiyo inataka meno makali kweli na tundu sahihi kabisa. Na ule waya wa koili uliopakwa vanishi msiutie kwenye stripa, huo unakwanguliwa kwa msasa mwembamba, au kama vanishi yake ni ya kuyeyuka unachomwa kwa solda.

Jingine, toeni betri kabla ya kuingiza chuma humo ndani. Ile plastiki ya rangi kwenye mpini ni ya kushikia tu, haikukingi na umeme, inayokinga imeandikwa 1000 V na mara nyingi ni nene kiasi kwamba haiingii sehemu hizo tunazozungumzia.

Nikiweza namenya waya nje kabla sijaufunga ndani ya boksi na kuacha urefu wa ziada wa kukunja, stripa ya sehemu finyu naitoa tu pale aliyetangulia hakuacha. Ambapo ni karibu kila siku.

Mkirudia mada hii naomba mbadilishe picha, muweke koleo likiwa limepigwa kwa ubavu na rula pembeni yake, maana kwa mbele yote yanafanana.

Msomaji wenu,
Fundi wa vitu vidogo