Polishi usiianze kabla sijafika

Shangani, Mtwara
14 Septemba

Ndugu yangu Mshamu,

Assalam aleikum. Sisi huku wazima, kusi linaishaisha na watoto wanashinda ufukweni. Picha za Canter yako nimezipata, hongera sana kaka. Bodi imenyooka, kioo kizima, hata bampa halijakunjwa. Rangi ndiyo imekufa. Ile buluu imekuwa kama kaniki iliyofuliwa miaka kumi. Unauliza kama unaweza kuipolishi mwenyewe hapo uani kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, au umpe fundi. Unaweza. Ila soma barua yote kwanza, maana nakujua, ukifika nusu utakuwa umeshashika kitambaa.

Kuosha ndiko kwenye kazi, na ndiko watu wanakokimbia. Gari lako linalala karibu na bahari. Asubuhi pitisha kidole kwenye kioo ulambe, utaonja chumvi. Juu ya chumvi hiyo kuna vumbi jekundu la Newala. Sasa utingo akija na tambara kavu akalifuta, ni kama amepiga msasa. Kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, vumbi lishuke lenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye shampuu. Anzia juu ya kabini ushuke, matairi na chini ya bodi mwisho. Sabuni ya unga mwachie shemeji. Na ile tabia ya kupaka dizeli ili bodi ing'ae, tafadhali. Inang'aa mpaka Mnazi Mmoja hapo Lindi, baada ya hapo kila punje ya vumbi ya barabarani imeganda.

Likishakauka, vaa mfuko wa mkate mkononi kama glavu, upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Utashangaa. Pale ulipodhani ni laini utasikia chenga kama za mchanga. Huo ni uchafu ulionata: utomvu wa miti, lami, vumbi la chuma. Hautoki kwa sabuni. Maduka ya rangi za magari wanauza udongo maalumu wa kutolea, mafundi wanauita klei, mlaini kama unga wa chapati uliokandwa. Lowesha bodi kwa maji ya shampuu, uteleze klei bila kukandamiza, na kila ukichafuka uukunje upate upande safi. Ukidondoka chini, tupa. Usiniambie umeuosha, mchanga ukishaingia humo hautoki.

Sasa polishi. Hapa uwe mpole. Polishi haiongezi kitu kwenye rangi, inapunguza. Ina chenga ndogo sana zinazokwangua ule utando uliochakaa kwa jua mpaka ufikie rangi iliyo hai. Kwenye magari yenye klia, ule utando wa juu usio na rangi una kama mikroni 40 au 50 tu, na unywele mmoja kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Canter yako inaonekana ya zamani, huenda haina klia kabisa. Utajua ukianza: kitambaa cheupe kikigeuka buluu, basi unakwangua rangi yenyewe. Usishtuke, ila usiendelee kwa fujo. Jaribu kwanza kipande cha shubiri moja chini ya mlango, kwa mkono, polishi ile laini. Kikikuridhisha, fanya gari zima hivyohivyo, kipande kwa kipande, kivulini, bati likiwa limepoa. Kompaundi, yaani polishi ile kali, ibaki kwa mikwaruzo tu. Mpira na plastiki nyeusi vizibe kwa tepu ya karatasi, polishi ikikaukia hapo inaacha weupe mbaya.

Kona ya mlango wa Fuso yangu umeiona, ile yenye stika ya bendera. Hukuwahi kuniuliza kwa nini mzalendo kama mimi ameibandika pembeni vile. Niliazima mashine ya kupolishi, nikaona mkono unanichelewesha, nikaikandamiza kwenye ukingo wa mlango huku nikiongea na simu. Kufumba na kufumbua, rangi nyekundu imekwisha, praima ya kijivu inanitazama. Kwenye kingo na mikunjo rangi huwa nyembamba, na joto la pedi ya mashine linajazana hapohapo. Siku hizi kingo zote nazifanya kwa mkono.

Ukimaliza, lazima uizibe rangi kwa kinga ya juu, la sivyo ndani ya miezi michache jua litakurudisha ulikoanzia. Una njia mbili. Nta, ile inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, inaipa rangi nyeusi na buluu kina kizuri ajabu, lakini kwa jua letu ni wiki chache tu, ukibahatika miezi miwili. Silanti ya dukani, ile kinga ya kutengenezwa kiwandani, haina uzuri ule, ila nzuri inaweza kukaa hata miezi sita. Kwa gari la kazi mimi nachagua silanti. Paka nyembamba, karibu isionekane, iache ifanye ukungu, futa kwa kitambaa laini, kisha gari lilale pakavu usiku mzima. Usiliache nje likanyeshewa umande wa bahari. Kama roho inataka nta pia, ipake juu yake kesho yake. Ukianza na nta, silanti haitashika.

Msimu ukianza, usiegeshe chini ya mkorosho. Maji ya mabibo yanatia doa, na yale mafuta ya kwenye ganda la korosho yanaunguza hata ngozi ya mtu, sembuse rangi. Kinyesi cha ndege nacho kilowanishe ukifute siku hiyohiyo.

Halafu lile neno juu ya kioo. Umebandua herufi, lakini kwenye picha bado nasoma ASANTE MAMA waziwazi. Chini ya herufi jua halikufika, rangi imebaki changa, pembeni imezeeka. Polishi itafifisha, sidhani kama itamaliza, na ukilazimisha utatoboa. Unasema hutaki kutembea na shukrani za mtu mwingine. Mama yako bado yuko hai, kaka. Mimi ningeagiza herufi mpya.

Jumamosi nakuja Lindi na pakiti mbili za klei na mashine. Wewe osha tu.

Wako,
Issa